Wae Rebo: Misonge 7 ya Flores na elimu iliyonusurika kupotea

Ukiitazama ramani ya Indonesia, macho hukimbilia kwanza visiwa vikubwa: Sumatra, Java, Borneo, Sulawesi. Flores ni kisiwa ambacho lazima ukitafute. Kipo upande wa mashariki, ukishapita Bali, Lombok na Sumbawa. Na ndani ya Flores kwenyewe, kijiji cha Wae Rebo hakionyeshwi kwenye ramani nyingi. Hakifikiwi kwa gari. Kina nyumba kubwa 7 tu za msonge, zilizopangwa kwa mviringo kwenye uwanda mdogo uliozungukwa na milima yenye misitu, na asubuhi nyingi ukungu huzifunika zisionekane.

Hata hivyo, mwaka 2012 kazi ya kuzijenga upya nyumba hizo ilipata tuzo ya juu kabisa ya UNESCO ya uhifadhi wa urithi wa utamaduni kwa ukanda wa Asia na Pasifiki. Tuzo za aina hiyo tumezoea kusikia zikitolewa kwa mahekalu ya mawe, ngome na majumba ya wafalme. Nyumba ya nyasi na mianzi haidumu hivyo. Mvua huila, wadudu huitafuna, na baada ya miaka kadhaa ni lazima iezekwe upya. Sasa Wae Rebo walihifadhi kitu gani hasa?

Hilo ndilo swali la makala haya. Ili tulijibu vizuri, tuanze na mahali penyewe.

Wae Rebo iko wapi?

Indonesia ina visiwa zaidi ya 17,000. Flores ni kimojawapo, chenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 14,000. Ni kirefu na chembamba, kina volkano nyingi, na barabara yake kuu inapinda kila dakika kwa sababu ya milima. Jina Flores ni la Kireno na maana yake ni maua. Wareno walipita huko karne ya 16 wakitafuta msandali na viungo, zama zile zile walipokuwa wakipiga mizinga Kilwa na Mombasa.

Kiutawala, Flores ipo katika jimbo la Nusa Tenggara Mashariki, ambalo makao yake makuu ni Kupang, kwenye kisiwa cha Timor. Kwa saa, wako mbele yetu kwa saa 5. Sisi tunapofungua matangazo ya alfajiri saa 12, kule ni saa 5 asubuhi na watu wako shambani.

Sehemu ya magharibi ya Flores inaitwa Manggarai, na wenyeji wake ni Wamanggarai. Zamani ilikuwa wilaya moja kubwa. Mwaka 2003 ilimegwa ikapatikana Manggarai Magharibi, yenye mji wa bandari wa Labuan Bajo, na mwaka 2007 ikamegwa tena ikapatikana Manggarai Mashariki. Wilaya mama ilibaki na mji wa Ruteng, mji wa milimani wenye baridi, ambako mtu hutoka na sweta asubuhi ingawa yuko karibu na ikweta. Wae Rebo ipo katika wilaya hiyo mama, upande wa kusini, juu ya pwani inayotazama Bahari ya Savu.

Indonesia ndiyo nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani, lakini Flores ni kisiwa cha Wakatoliki. Wamisionari waliingia Manggarai kwa nguvu mwanzoni mwa karne ya 20. Leo Mmanggarai anaweza kwenda kanisani Jumapili, na siku nyingine akasimama na wazee kuwaombea ruhusa mababu kabla ya kukata mti. Kwake, mambo hayo mawili hayagombani.

Kimanggarai ni lugha ya familia moja kubwa na Kimalagasi kinachosemwa Madagaska, jirani yetu wa Bahari ya Hindi. Lugha ya taifa, Kiindonesia, ina maneno ambayo msikilizaji wetu angeyatambua bila mkalimani. Habari wanaiita *kabar*, wakati ni *waktu*, dunia ni *dunia*. Hayo ni ya Kiarabu, nasi tumeyapata huko huko. Meza wao ni *meja* na bendera ni *bendera*, yote mawili kutoka kwa Wareno. Na neno muhimu kuliko yote katika habari ya leo ni *adat*, yaani mila na taratibu za wazee. Kwa Kiswahili tunalo pia: ada.

Safari ya kufika

Wageni wengi hushukia Labuan Bajo. Kutoka hapo ni safari ya saa nyingi kwa gari, ama kupitia Ruteng ama kwa njia ya kusini, hadi ufike Dintor, kijiji cha pwani chenye mashamba ya mpunga. Mbele yake baharini kuna kisiwa kidogo kinachoitwa Nuca Molas, yaani kisiwa kizuri. Kutoka Dintor unapanda hadi Denge, na kuanzia huko hakuna njia nyingine zaidi ya miguu. Pikipiki hukusogeza mbele kidogo tu.

Mwendo ni wa saa mbili hadi nne, kutegemea miguu ya mtu na hali ya mvua. Njia inapita msituni. Kwanza unavuka kijito kinachoitwa Wae Lomba. Neno *wae* maana yake ni maji au mto, na ndilo hilo lililomo katika jina la kijiji. Kisha unapanda hadi Poco Roko, na *poco* ni mlima. Ukishapita hapo unaanza kuteremka, mashamba ya kahawa yanajitokeza, na ghafla unaziona paa 7 chini yako. Hapo uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari.

Wenyeji hutembea njia hiyo wakiwa na mizigo. Kahawa hushuka mabegani kwenda sokoni. Mchele, chumvi, sabuni, sukari na mafuta hupanda kwa mabega hayo hayo. Mgonjwa akizidiwa, hubebwa kwenye machela na vijana wanaopokezana. Tukisema kijiji kimehifadhi mila zake kwa sababu kiko mbali, tukumbuke pia kwamba huo umbali una watu wanaoulipia.

Mgeni akikaribia kijiji, kuna kibanda ambapo hugongwa kipande cha mwanzi kuwajulisha watu. Kisha haendi popote, wala hapigi picha, mpaka ameingia katika nyumba kuu. Mzee huketi naye mkekani na kuzungumza na mababu kwa Kimanggarai, akiwaarifu kwamba wamekuja wageni na akiomba wawalinde hadi warudi kwao. Taratibu hiyo inaitwa *pa'u wae lu'u*. Baada yake, mgeni huhesabiwa kuwa mtoto wa nyumbani, na huletewa kahawa.

Walitoka wapi?

Wazee wa Wae Rebo wanasimulia kwamba babu yao, Empo Maro, alitoka nchi ya Minangkabau, iliyopo magharibi mwa Sumatra, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Flores. Alisafiri kwa jahazi na jamaa zake, akahamahama sehemu mbalimbali za Manggarai, na mwishowe akaoteshwa ndoto kwamba aende kukaa mahali hapo pa milimani. Kwa hesabu ya wazee, tangu hapo vimepita vizazi vinavyokaribia 20.

Simulizi hiyo ina mnyama ndani yake. Inasemekana fungo ndiye aliyewaonyesha mababu njia walipokuwa wakikimbia hatari. Kwa sababu hiyo Mwaerebo hali nyama ya fungo. Majirani wa vijiji vingine humwinda na kumla, lakini kwao ni mwiko. Msikilizaji anayetoka katika ukoo wenye mnyama wake wa mwiko ataelewa jambo hili bila maelezo.

Nyumba yenyewe ikoje?

Kwa Kimanggarai nyumba hiyo inaitwa *mbaru niang*. Mbaru ni nyumba, na niang ni kitu kirefu chenye umbo la mviringo lililochongoka. Kiswahili kinalo neno lake tayari: msonge. Wenyeji wa Kagera wanaoukumbuka msonge wa Kihaya, ule ambao paa lake linashuka hadi chini, wanaweza kupata picha kwa haraka. Tofauti kubwa ni urefu. Nyumba kuu ya Wae Rebo inafika takriban mita 15, sawa na jengo la ghorofa nne au tano.

Nyumba hiyo ina sakafu 5, moja juu ya nyingine, na kila moja ina kazi yake:

- Sakafu ya kwanza, *lutur*: Hapa ndipo watu wanaishi. Mbele ni ukumbi wa pamoja, nyuma ni vyumba vya familia, katikati ni jiko la kuni.
- Ya pili, *lobo*: Dari ya kuwekea chakula cha kila siku na vitu vya nyumbani.
- Ya tatu, *lentar*: Hapa huwekwa mbegu za msimu ujao, kama mahindi na maharage.
- Ya nne, *lempa rae*: Akiba ya chakula, endapo mvua zitakataa au mavuno yatakuwa mabaya.
- Ya tano, *hekang kode*: Juu kabisa, mahali padogo pa kuwekea sadaka za mababu.

Ukiisoma nyumba hiyo kutoka chini kwenda juu, unausoma mpango mzima wa maisha: leo tunakula nini, mwaka kesho tutapanda nini, njaa ikija tutafanyaje, na nani aliyetutangulia. Mbegu za kesho haziguswi kwa njaa ya leo, kwa sababu haziko sakafu moja na chakula.

Msumari hautumiki. Nguzo na mihimili huchongwa na kupachikwa, kisha hufungwa kwa henzirani, ile mitambaazi ya msituni inayotumika pia kutengenezea viti. Paa hutengenezwa kwa mianzi na fito zilizopindwa kwa duara, duara kubwa chini na dogo juu, halafu huezekwa nyasi pamoja na nyuzi nyeusi za mti mmoja wa jamii ya minazi. Jiko lililopo katikati lina kazi zaidi ya kupika. Moshi hupanda sakafu zote tano, ukazikausha kamba na nyasi na kuwafukuza wadudu. Msonge usiowashwa moto huoza haraka. Kwa hiyo nyumba inahitaji watu ndani yake, kama vile watu wanavyoihitaji nyumba.

Nyumba kuu huitwa ya *gendang*, yaani ya ngoma, kwa sababu ndani yake hutundikwa ngoma na gongo za ukoo. Hukaa humo familia 8, moja kwa kila tawi la uzao wa babu. Nyumba nyingine 6 hukaliwa kwa kawaida na familia 6 kila moja. Katikati ya uwanja kuna jukwaa la mawe la mviringo linaloitwa *compang*, ambapo hutolewa sadaka. Nyumba zote zinaliangalia.

Ngoma ndani, shamba nje

Wamanggarai wana msemo maarufu: *gendang one, lingko pe'ang*. Maana yake, ngoma iko ndani, shamba liko nje. Kwa maneno mengine, nyumba ya ukoo na ardhi ya ukoo ni kitu kimoja chenye pande mbili. Asiye na ngoma hana shamba.

*Lingko* ni shamba la pamoja, na namna linavyogawanywa ni jambo la ajabu kulitazama. Mzee wa ardhi, anayeitwa *tu'a teno*, husimika kijiti katikati. Sehemu hiyo inaitwa *lodok*. Kutoka hapo mistari huchorwa kwenda nje pande zote, kama njiti za gurudumu la baiskeli, na upana wa kila fungu hupimwa kwa vidole vya mkono pale katikati. Mwenye haki kubwa hupata vidole vingi, mwingine hupata vichache. Ukilitazama shamba zima kutoka mlimani, unaona utando wa buibui.

Mahali pazuri pa kuona jambo hilo ni Cancar, magharibi mwa Ruteng, ambapo lingko kadhaa zimegeuzwa kuwa mashamba ya mpunga wa maji. Watalii hupanda kilima na kupiga picha. Lakini mchoro huo ni hati ya kugawana ardhi, iliyoandikwa ardhini penyewe, mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma.

Umbo hilo la shamba linafanana na umbo la ndani ya paa la msonge: fito zinatoka kwenye kitovu na kwenda nje. Nyumba ikipotea, ule mchoro hubaki shambani bila mwenzake.

Zilivyokaribia kwisha

Zamani misonge ya aina hii ilikuwa imeenea Manggarai. Ilianza kupungua chini ya utawala wa Waholanzi, mwanzoni mwa karne ya 20. Maofisa wao waliona kwamba nyumba kubwa yenye giza na moshi, wanamolala watu wengi pamoja, ni hatari kwa afya. Familia zilihimizwa kujenga nyumba ndogo za mstatili, kila familia yake. Baada ya uhuru, serikali nayo ilitaka watu washuke karibu na barabara, shule na zahanati. Bati likaja. Bati halihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, wala halihitaji wanaume 50 kubeba nguzo kutoka msituni.

Hatuwezi kusema watu hao walikosea. Mzazi anayetaka mtoto asome na mjamzito afike kwa mkunga ana sababu yake. Watu wengi wa Wae Rebo walianzisha makazi ya pili huko chini, kijiji cha Kombo, na shule ya msingi ya watoto iko huko. Kwa hiyo ukoo mmoja una vijiji viwili: kimoja cha shule na soko, kimoja cha ngoma na kahawa.

Kufikia mwaka 2008, kati ya nyumba 7 zilizotajwa na mababu zilikuwa zimebaki 4, na baadhi ya hizo zilikuwa zimechakaa vibaya. Hatari kubwa, hata hivyo, haikuwa kwenye nyasi zilizooza. Ilikuwa kwenye umri wa wajenzi. Elimu ya kujenga mbaru niang haikuandikwa kwenye kitabu chochote. Ilikuwa mikononi mwa wazee: mti upi ukatwe na lini, henzirani ikunjwe mara ngapi, duara la chini lipimweje ili ncha ya juu ikae sawasawa. Vijana wengi hawakuwahi kushiriki kujenga nyumba nzima tangu msingi hadi kilele. Wazee wale wangefariki, nyumba 4 zilizobaki zingekuwa za mwisho.

Mwaka 2008 kulitokea nini?

Mwaka huo kundi la wasanifu majengo kutoka Jakarta, likiongozwa na Yori Antar, lilipanda mlima hadi Wae Rebo. Walikuwa wameona picha ya kijiji na hawakuwa na uhakika kama nyumba hizo bado zipo. Walipofika walizikuta 4, na wakasikia kutoka kwa wenyeji kwamba zilipaswa kuwa 7.

Hapo ndipo mambo yalipoenda tofauti na miradi mingi tunayoifahamu. Wasanifu hao hawakuchora nyumba na kuleta mkandarasi. Walirudi Jakarta kutafuta wafadhili binafsi wa gharama, na kazi ya kujenga ikabaki kwa wanakijiji wenyewe. Nyumba zilizochakaa zilifumuliwa na kujengwa upya, na zile zilizokwisha kupotea zikainuliwa tena kwenye viwanja vyao vya zamani. Wazee waliongoza, vijana wakabeba, wakachonga na kufunga kamba. Wanafunzi wa usanifu majengo kutoka mjini walikuwepo, lakini kazi yao ilikuwa kupima, kuchora na kuandika kile walichokiona. Katika darasa hilo, mwalimu alikuwa mkulima wa kahawa.

Kwa mila za Manggarai, nguzo kuu ya nyumba ya ngoma haikatwi tu na kuburutwa. Hupokelewa kwa sherehe iitwayo *roko molas poco*. Molas poco ni msichana mrembo wa mlimani. Nguzo huhesabiwa kuwa bibi harusi anayetolewa kwao, ambako ni msituni, na kuletwa kwa mumewe, ambako ni kijijini. Msitu unaombwa kama anavyoombwa mzazi wa binti. Huwezi kuoa bila kufika kwa wakwe, na ukweni huwezi kukuharibu.

Kufikia mwaka 2011 nyumba zote 7 zilikuwa zimesimama. Mwaka uliofuata ikaja tuzo ya UNESCO, na mwaka 2013 kazi hiyo ikaingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Sasa tunaweza kulijibu swali la mwanzo. Nyasi zilizoezekwa miaka ile si zile zitakazokuwepo miaka ijayo, na hakuna anayetarajia hivyo. Kilichohifadhiwa ni uwezo wa kujenga. Vijana waliobeba nguzo wakati ule sasa ni watu wazima wanaoweza kumwonyesha mwingine.

Kahawa na wageni

Wae Rebo huishi kwa kahawa. Wanawake huichambua na kuianika uwanjani, mbele ya nyumba, na kuitwanga kwa kinu. Pia hufuma vitambaa vya rangi kali. Ndani ya nyumba moja hupikwa chakula cha wageni: wali, mboga, mayai au kuku, na kahawa isiyokatika. Wageni hulala sakafuni, kwenye mikeka ya majani ya mkadi, wote katika nyumba moja, wakitazama juu kwenye giza la paa.

Fedha ya wageni hugawanywa kwa utaratibu wa pamoja wa kijiji, na imewafanya baadhi ya vijana waone kwamba kuna sababu ya kubaki. Lakini ina maswali yake. Siku za likizo wageni ni wengi, na kijiji cha nyumba 7 hujaa haraka. Taka za plastiki zilizopanda mlima ni lazima mtu azishushe. Umeme kwa miaka mingi ulikuwa wa jenereta, unaowashwa saa chache jioni. Na mtoto anayekulia Kombo kwa ajili ya shule hujifunza hesabu na Kiindonesia, lakini msonge huuona siku za likizo tu. Akimaliza, huenda Ruteng, Kupang au Bali kutafuta kazi.

Sikukuu inayowarudisha ni *penti*, inayofanyika Wae Rebo katikati ya Novemba, kabla ya mvua kubwa. Ni shukrani ya mavuno na mwanzo wa mwaka mpya wa kilimo. Ndugu walioko Kombo na mbali zaidi hupanda mlima. Mchana huchezwa *caci*, ambapo wanaume wawili hupeana zamu ya kuchapana mijeledi, huku anayechapwa akijikinga kwa ngao ya ngozi ya nyati. Usiku watu huimba wakizunguka ndani ya nyumba kuu.

Jirani za Wae Rebo

Eneo hili la Manggarai lina mambo mengine ambayo msikilizaji anaweza kuwa ameyasikia bila kujua yanatoka huko.

Liang Bua. Ni pango lililopo kaskazini-magharibi mwa Ruteng. Mwaka 2003 watafiti wa Indonesia na Australia walifukua hapo mifupa ya binadamu wa kale mwenye urefu wa takriban mita moja tu. Mwaka 2004 alitangazwa kwa jina la *Homo floresiensis*. Mwanzoni ilidhaniwa aliishi hadi miaka 18,000 iliyopita, lakini uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulirudisha umri wa mifupa hiyo nyuma hadi kati ya miaka 60,000 na 100,000.

Todo. Kijiji kilichokuwa makao ya watawala wa Manggarai kabla Waholanzi hawajahamishia utawala Ruteng. Nako kuna nyumba ya msonge iliyojengwa upya.

Colol. Eneo la kahawa katika milima ya mashariki. Mwaka 1937 Waholanzi waliandaa mashindano ya mashamba, na wakulima wa Colol bado wanaihifadhi bendera waliyoshinda. Eneo hilo lina kumbukumbu ya uchungu pia. Wakulima na serikali waligombania mipaka ya msitu, na kahawa nyingi ilikatwa. Tarehe 10 Machi 2004 wakulima walikwenda Ruteng kudai wenzao waliokamatwa. Polisi walifyatua risasi na wakulima 6 wakafariki.

Tumelitaja tukio hilo kwa sababu linasaidia kuielewa Wae Rebo. Kwa Mmanggarai, lingko, msitu na nyumba ya ngoma havitenganishwi. Mpaka unaochorwa ofisini unaweza kuukata mmoja kati ya hivyo, na vingine vikabaki bila mguu wa kusimamia. Nguzo za msonge zinatoka msituni. Pasipo ruhusa ya kuingia msituni hakuna nguzo, na bila nguzo ngoma haina pa kutundikwa.

Kitakachoamua

Nyasi za paa zinachakaa. Kila msonge utahitaji kuezekwa upya, na siku moja nguzo zake zitahitaji kubadilishwa. Siku hiyo wazee walioongoza kazi ya mwaka 2008 hadi 2011 wengi hawatakuwepo. Wataulizwa wale waliokuwa vijana.

Kama watakuwa wamebaki karibu, na kama kutakuwa na kijana wa kumshikia mwenzake kamba, nyumba zitasimama tena. Nyumba ya jiwe inaweza kukaa miaka 500 bila mtu kuikumbuka. Msonge wa Wae Rebo hauwezi. Kila kizazi ni lazima kiamue upya kwamba kinautaka, halafu kipande mlimani kuchukua nguzo.